Miaka Minane Mbele ya Lango

Mshambuliaji wa kati hulipwa kwa kazi ya sekunde chache. Katika mechi ya dakika 90 anaweza kuugusa mpira mara 20, na kati ya hizo ni mbili au tatu tu zinazomkuta mbele ya lango. Muda uliobaki hukimbia bila mpira, huwavuta mabeki watoke walipo, hurudi nyuma asije akaotea, na hungoja. Kungoja huko ndiko sehemu kubwa ya kazi, ndani ya uwanja na nje yake. Tawasifu hii inaieleza kazi hiyo kama mwandishi wake, mzaliwa wa Tarime, alivyoifanya kuanzia 2013 hadi 2021.

Alizaliwa 1994 katika kijiji cha nyanda za juu za Tarime, kwenye familia ya wakulima wa migomba, mahindi na kahawa waliokuwa pia na ng'ombe. Uwanja wake wa kwanza ulikuwa malisho. Mpira ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba za mgomba, na chandimu ilichezwa jicho moja likiwa kwenye ndama, kwa kuwa ndama akiingia mahindi ya jirani mechi iliishia kwa fimbo. Malisho yale yalikuwa na mteremko. Waliocheza kuelekea chini walifunga watakavyo. Waliocheza kuelekea juu walijua kwamba mpira ukitua utarudi ulikotoka. Ndiyo maana mvulana aliyetaka kufunga upande wa juu alijifunza mapema kuupiga ukiwa bado hewani, na ufundi huo ndio uliokuja kumpa ajira.

Katika miaka ya tohara, Desemba ilizivunja timu za watoto. Walioingia jandoni hawakuonekana uwanjani kwa wiki kadhaa, na waliporudi walihesabiwa watu wazima. Kucheza tena na wavulana waliobaki nyuma kulikuwa ni kujishusha. Kwa hiyo timu ya kijiji iliundwa upya kila baada ya muda, na kijana aliyetoka jando alianza tena chini kabisa, akingoja nafasi miongoni mwa wanaume.

Njia ya kutoka malishoni hadi kwenye mkataba ina ngazi zinazojulikana. Ya kwanza ni Umitashumta, michezo ya shule za msingi, kisha Umisseta ya sekondari, ambako wilaya za mkoa, Tarime na Serengeti zikiwamo, hutoa wachezaji wa kuunda timu ya Mara. Nje ya shule kuna ligi ya wilaya na ya mkoa. Bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wenzake kuwania kupanda, na juu yao wakati ule kulikuwa na Ligi Daraja la Kwanza na Ligi Kuu. Kijana huyu alizipita ngazi hizo bila kuruka hata moja. Alimaliza kidato cha nne 2012, na mwaka uliofuata akapanda basi kwenda kufanya majaribio katika timu ya Daraja la Kwanza, akiwa na njumu za kuazima zilizombana kidole gumba.

Majaribio yalichukua siku nne. Siku tatu za mwanzo hakufunga. Siku ya nne kona ilipigwa ndefu, beki akaukosa, naye akaupiga kabla haujagusa chini, kama alivyozoea kule mlimani. Kocha alimuuliza jina mara mbili, akaliandika mara moja. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja, wenye mshahara mdogo, chakula cha kambini na kitanda katika chumba cha watu sita.

Mshambuliaji mgeni husugua benchi. Kusugua benchi si kupumzika, kwa kuwa mwili lazima uwe na moto muda wote, na mchezaji wa akiba hupasha misuli nyuma ya goli huku akimsoma beki atakayekutana naye: anageukia mguu gani, anachoka dakika ya ngapi, anamkemea nani mpira ukipita. Aliyesoma vizuri huingia dakika ya 70 akiwa tayari amecheza mechi nzima kichwani. Misimu miwili ya kwanza ilipita hivyo. Msimu wa tatu mshambuliaji wa kwanza aliuzwa katika dirisha dogo, na nafasi ikapatikana.

Msimu wake mmoja wa Ligi Kuu ulikuwa 2018/19. Ligi ilikuwa na timu 20, hivyo kila timu ilicheza mechi 38, tena bila mdhamini mkuu. Klabu kubwa zilimudu. Ndogo zilisafiri kwa basi nchi nzima. Kutoka Mtwara hadi Bukoba ni safari ya siku mbili au zaidi, na mchezaji hufika miguu ikiwa imevimba. Mishahara ya klabu yake ilichelewa, mara moja kwa miezi mitatu mfululizo, na wachezaji waliishi kwa posho za mechi na kwa kukopa dukani. Mfungaji bora wa msimu huo, Meddie Kagere wa Simba, alifunga mabao 23. Mwandishi alifunga matatu, moja likiwa la penalti.

Msimu huohuo Biashara United ya Mara ilikuwa Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ikitumia Uwanja wa Karume mjini Musoma, na mwana wa Tarime akaingia uwanja wa mkoa wake akiwa na jezi ya wageni. Ndugu zake walikuwa wamevuka daraja la Kirumi asubuhi kwa Costa iliyojaa, na wakaketi na mashabiki wa wenyeji. Aliingizwa kipindi cha pili. Krosi ilikuja chini kutoka kushoto. Alipiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, beki akamfuata, kisha akakata kurudi nguzo ya karibu, akabaki peke yake. Mpira ukadundia kwenye kipara cha udongo ndani ya boksi dogo, ukaruka juu kidogo ya alipoutegemea, ukampiga ugokoni na kupaa juu ya mtambaa panya. Hakuna aliyekilaumu kipara. Kosa lilikuwa la kuungoja utue. Baada ya mechi mama yake alimkuta kwenye basi la timu. "Mwanangu," alisema, "ungefunga ningepata taabu kurudi nyumbani. Shuka ukale."

Mabao matatu si sifa, ila yana wenzake. Mchezaji wa ligi ya NHL aliyezaliwa Tanzania, Chris Nielsen, alizaliwa Moshi mwaka 1980 na akacheza hoki ya barafuni Marekani kama winga wa kulia wa Columbus Blue Jackets. Katika misimu miwili, 2000/01 na 2001/02, alicheza mechi 52 za NHL na kufunga mabao 6. Katika mchezo ule washambuliaji hupokezana: huteleza kwa nguvu zote kwa muda usiofika dakika moja, kisha hurudi benchi kungoja zamu nyingine. Katika soka anayetolewa harudi tena. Pamoja na tofauti hiyo, daftari la hesabu ni moja kwa wote wawili, na wengi walioandikwa humo wana tarakimu moja.

Mkataba haukuongezwa, akarudi Daraja la Kwanza. Machi 2020 ligi ilisimamishwa kwa sababu ya corona, naye akaipitisha miezi mitatu Tarime akilima na kukimbia milimani alfajiri. Ligi iliporejea Juni, goti la kulia liligeuka mguu ukiwa umekita chini. Ligamenti ilichanika. Alijaribu msimu mwingine akiwa amefungwa bandeji, lakini mshambuliaji asiyeweza kukata kurudi nguzo ya karibu ni mtu anayemsindikiza beki tu. Aliacha 2021, akiwa na miaka 27. Mwaka huo Biashara United ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka uliofuata ikashuka daraja.

Baada ya kozi ya awali ya ukocha alihamia Mugumu, wilayani Serengeti, anakofundisha watoto jioni katika kiwanja cha shule. Mazoezi huisha kabla jua halijazama, kwa kuwa mahindi yakikomaa tembo hutoka hifadhini kuja mashambani, na mtoto hapaswi kurudi nyumbani gizani. Kiwanja ni tambarare. Kwa hiyo kocha huwarushia mipira kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na bao huhesabiwa tu kama mpira haujagusa chini.