Uyoga Niliompelekea Jirani

Mama mmoja wa hapa Ngamiani alinijia baada ya sala ya Alasiri, uso umemkunjamana. Bintiye, aliyekuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, ameacha kula nyama. Wala si nyama tu, bali kuku na samaki pia. Na katika mji wa Tanga mtoto akiacha samaki, mamaye ana haki ya kushughulika. Juzi alimpikia uyoga wa nazi, binti akala kwa furaha, lakini kaka yake akamcheka akisema uyoga si mboga na kwamba anajidanganya. Wakabishana hata chakula kikapoa. "Sheikh," akaniuliza, "uyoga ni mboga au si mboga? Na huyu mtoto ana dhambi?"

La dhambi nililijibu pale pale. Nyama ni halali, wala si faradhi. Mwenye kuiacha kwa ajili ya afya yake, au kwa kuwahurumia wanyama, hana makosa, maadamu haharimishi alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Huko kuharimisha ndiko kulikokatazwa katika Suratul Maida. La uyoga nilimwomba anipe siku mbili, kwani ndani yake mna kisa ambacho kwa miaka karibu arubaini sikupenda kukisimulia.

Kwanza neno lenyewe halitusaidii. Sisi watu wa pwani tukisema mboga twakusudia mchicha, kisamvu au matembele. Samaki na nyama kwetu ni kitoweo. Lakini panda gari uende bara, uulize leo mboga gani, utajibiwa nyama ya ng'ombe.

Wataalamu nao wamebadilisha kauli. Zamani uyoga ulihesabiwa katika mimea. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker aliupanga katika milki yake mbali, pamoja na ukungu na hamira, kwani hauna ile rangi ya kijani ambayo kwayo mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hula kilichooza. Tena umejengwa kwa kitu kiitwacho kitini, ambacho kimo pia katika magamba ya kamba na kaa, na uchunguzi wa nasaba za viumbe umeonyesha kwamba uko karibu na wanyama kuliko na mimea. Yule kaka akisoma hapa asifurahi upesi. Uyoga hauna damu, hauna mishipa ya fahamu, wala hauchinjwi. Aliyeacha nyama kwa huruma hana sababu ya kuuogopa.

Aliyeacha kwa afya naye aule, lakini asiufanye badala ya nyama. Sehemu kama tisa katika kumi za uyoga mbichi ni maji. Kunde, choroko na mbaazi zina nguvu zaidi. Na vitamini iitwayo B12, ambayo mwenye kuikosa huingiwa na upungufu wa damu na ganzi, haipatikani humo kwa kutegemewa. Ule wa porini auchume anayeujua, kwani upo unaoua, na chenye kuua ni haramu bila mjadala. Uliobaki ni halali. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Said bin Zaid kwamba Mtume s.a.w. aliihesabu kam-a kuwa ni katika mann, na maji yake kuwa ni dawa ya jicho. Nayo kam-a ni jamaa ya uyoga ikaayo chini ya mchanga wa jangwa, ambayo ndugu zetu wa Ghuba huila hadi leo wakiiita faga.

Lakini yote hayo ni habari ya uyoga. Swali la mama lilikuwa habari ya mlaji, na hapo ndipo nilipokosea mimi.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nasomesha watoto, na nilikuwa nimetoka kusoma usuli, basi kila jambo nalifanyia kiyasi. Jirani yangu alikuwa fundi saa, Mhindi wa dini ya Kijaini. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda India, naye akashikwa na homa, yu peke yake, hana wa kumwashia moto. Nikamwambia tutampikia. Akashukuru, kisha kwa haya nyingi akanieleza masharti: sufuria isiyowahi kupikiwa nyama wala samaki, pasiwe na yai, wala kitunguu, wala kitunguu saumu, wala kiazi, wala chochote cha kuchimbwa, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vijidudu vinavyoishi humo.

Siku ile mkwe wangu alikuwa ameingia kutoka Muheza na pakacha la uyoga wa kichuguu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Uyoga huo hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, juu ya majani na miti waliyoitafuna, kisha hutokeza nje kama miavuli, na ukipikwa kwa tui hauhitaji kitu kingine. Mke wangu akanunua sufuria mpya. Akaniambia, "Bwana, muulize kwanza." Nikamjibu kwamba umeota juu ya ardhi, hauchimbwi, hauna damu, na yeye mwenyewe hakuutaja. Kiyasi kimetimia.

Akala, na siku mbili tatu zile hakuwa ameonja kitu. Akauliza, "Mboga gani hii, Maalim?"

Nikasema, "Ya Muheza."

Baada ya miezi nilikuwa nimekaa dukani kwake, naye anamweleza kijana wa kwao vyakula wanavyoepuka. Akautaja uyoga. Akasema hutoka gizani na katika uozo, na umejaa viumbe wadogo. Akaongeza kwamba si wao peke yao, hata sheria za kale za Wahindu zinazonasibishwa na Manu zimewakataza Wabrahmani uyoga pamoja na vitunguu. Saa yangu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaaga nikaenda zangu.

Nilinyamaza hata darsa yetu ilipofika mlango wa vyakula, katika hadithi ya yule mjusi mkubwa wa jangwani, dhabb, aliyeletwa mbele ya Mtume s.a.w. nyumbani kwa Bibi Maimuna. Wanafunzi hupenda mwisho wake, kwamba yeye hakula kwa kuwa hakuzoea, wala hakumkataza Khalid, na Khalid akala. Mimi siku ile nilikwama mwanzoni, pale mkono wake ulipokaribia chakula na wanawake waliokuwapo wakasema aambiwe ni kitu gani anachotaka kula. Nilifunga kitabu kabla ya wakati.

Nikaenda nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaweka chini miwani yake ya kazi, akaniuliza ilikuwa siku gani hasa. Nikamtajia kadiri nilivyokumbuka, akaiandika. Sikujua alitaka kuifanyia nini, wala sikuthubutu kuuliza. Hakunigombeza, na saa zangu aliendelea kunitengenezea kwa bei ile ile.

Alihamia Leicester, Uingereza, mwaka 1991. Jioni alipokuja kuaga, mke wangu alileta halua. Nikaisukuma sahani mbele yake nikamwambia, "Karibu, Bwana Fundi, hii haina neno." Akatabasamu, lakini mkono hakuunyosha. Akamgeukia mke wangu, "Mama, ndani mna nini?" Akamhesabia: sukari, wanga, samli, iliki na zafarani. Ndipo akala.