Baiskeli gani ya kuvuka nayo pantoni?

Kama unazo senti ulizodunduliza kwa ajili ya baiskeli, hebu zizuie mfukoni kwanza twende Kigamboni. Dukani hakuna mchanga wala upepo, ndiyo maana kila baiskeli mle ndani inaonekana bomba. Njia ndiyo inayosema kweli.

Tunaanzia Kariakoo, maana huko ndiko wengi wetu tunakonunua. Utakutana na aina nne. Kuna Phoenix ya China, ile ndefu ya gurudumu inchi 28, giya moja na breki za vyuma. Kuna ya resi, tairi jembamba la milimita 23 hadi 28. Kuna mauntenibaiki, tairi pana karibu inchi 2, giya kibao. Halafu kuna chotara: gurudumu kubwa kama la resi, lakini tairi la milimita 35 hadi 42.

Toka sasa, pita Mnazi Mmoja, shika Kivukoni mpaka Feri. Yote ni lami. Hapa mwenye resi anatamba, anawapita watu kama mshale. Lakini daladala likifunga breki mbele yako, au bodaboda ikichomoza kutoka kusikojulikana, mbio siyo dili tena. Dili ni breki. Na njia ya mabasi ya mwendokasi siyo yako, hata kama iko tupu na inakuita.

Kwenye pantoni hupandi, unasukuma. Umati unakusonga mbele na nyuma, na baiskeli nzito utaijua hapo.

Ng'ambo ya pili unashika lami ya kwenda Mjimwema. Ukienda Juni au Julai, kusi inavuma na wewe unaelekea huko huko inakotoka. Mwenye Phoenix anakaa wima kama bendera, upepo wote wake, na giya ni ile ile moja. Mwenye giya anashusha moja, anakanyaga taratibu, maisha yanaendelea.

Kata kushoto sasa, ingia njia za kuelekea baharini. Lami imekwisha. Kwanza vumbi na mawe, kisha mchanga. Yule wa resi hapa anashuka, anabeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Tairi la milimita 40 na kuendelea linapita, hasa ukipunguza upepo kidogo, kwani tairi laini hutanuka na haliimi sana. Ufukweni subiri maji yapwe, uendeshe kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Raha yake usiambiwe! Ila ukifika nyumbani osha cheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, itie oili. Chumvi haina urafiki na chuma.

Kurudi, pitia Kibada uvuke Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016. Lina urefu wa mita 680. Upande wa pili ni Kurasini, na Kurasini ni malori ya bandarini. Hapo tena utazikumbuka breki.

Umeona? Safari moja, njia tano. Ndiyo maana nasema usinunue baiskeli ya ndoto, nunua ya njia unayopita. Kwa mtu wa kutembea wikiendi, lami kidogo na mchanga kidogo, chukua chotara ya tairi la milimita 40, au mauntenibaiki isiyo na shokapu. Ndiyo, isiyo na shokapu. Shokapu za bei poa ni nzito, zinameza nguvu ya miguu, na hewa ya bahari inazipiga kutu. Tairi pana inatosha kupunguza mtikisiko. Giya 7 za nyuma zinatosha pia. Zikizidi sana unaongeza vitu vya kuharibika.

Jambo lingine: kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa mtaani kwenu, yule wa chini ya mti. Muulize kama tairi na tyubu za saizi hiyo anazipata. Za inchi 26 hazisumbui. Saizi ngeni ikipasuka, baiskeli inageuka pambo la ukutani.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii orijino, imetoka Ulaya." Mwitikie, halafu fanya haya. Simama katikati ya fremu, miguu yote chini: bomba la juu lisikuguse. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Dada unayevaa gauni, tafuta fremu ya bomba lililoinama. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, hicho ni kimeo. Bana breki, sukuma. Ikitembea, waachie wenyewe. Mwisho omba uizungushe mtaani. Akikataa, maduka yako mengi.

Na usimalize hela zote kwenye baiskeli. Bakiza za pampu, viraka na solusheni, taa ya mbele na nyuma, na helmeti. Kengele ya mbwembwe itakuja baadaye.

Haya, tukutane kwenye pantoni!