Nguzo za marehemu Baba

Karibu na Bukavu, ubavuni mwa mlima, palikuwa na mama mjane mwenye shamba la maharage. Marehemu mume wake alikuwa amelizungushia ua wa nguzo za miti. Kila nguzo aliisimamisha katika simenti. Watu walisema: «Ua huu hautaanguka kamwe.»

Lakini baada ya miaka 9 nguzo zikaanza kulegea. Usiku mmoja mbuzi waliangusha mbili, wakaingia, wakala mistari minne. Na maharage yale ndiyo yaliyolipa masomo ya mtoto. Asubuhi mama alimwita kaka yake.

Mjomba alipofika, alimkuta mtoto akiipiga simenti kwa nyundo. Kipande kiliruka, kikapita karibu na jicho lake.

«Weka nyundo chini, mwanangu,» akasema mjomba. «Simenti hii ina upana wa sentimita 30 kila upande, na kina cha sentimita 60. Uzito wake wapita kilo 120. Hutaishinda kwa hasira.»

Jioni walimwaga maji ili udongo ulainike. Kesho yake walichimba upande wa bondeni, mpaka chini ya simenti. Walipoivuta nguzo, ilikatika, kwa maana ilikuwa imeoza pale inapotoka ardhini. Basi wakaizungushia simenti yenyewe mnyororo. Mjomba akaweka gogo kando ya shimo, akalaza juu yake mti mrefu, mgumu, akafunga mnyororo kwenye ncha yake.

«Toka gogo mpaka mnyororo ni sentimita 20,» akasema. «Toka gogo mpaka mikono yako ni mita 2. Hivyo nguvu yako inazidishwa mara 10. Bonyeza polepole.»

Mtoto akabonyeza. Simenti ikainuka kiasi cha kidole. Wakatia mawe chini yake, wakabonyeza tena, na tena. Saa sita ikatoka.

Mtoto akachungulia ndani. Mti ulikuwa laini kama uji. Mjomba akamweleza: «Mti ukikauka husinyaa, ukaacha nafasi kati yake na simenti. Mvua huingia humo, wala haina pa kutokea. Simenti imekuwa kikombe. Mti usiokauka huliwa na kuvu.»

«Basi, Baba alikosea,» akasema mtoto. Mama, aliyekuwa akipanda upya mistari ile, akainua kichwa.

Mjomba akajibu: «Baba yako alijenga kwa akili aliyokuwa nayo, na ua wake ulilinda chakula chako miaka 9. Kulijua kosa si kumdharau aliyelifanya. Utamdharau ukilirudia.»

Nguzo mpya hawakuzitia katika simenti. Waliweka changarawe chini ya shimo ili maji yapite, wakashindilia udongo, wakauinua kuzunguka mti ili mvua itiririke mbali. Simenti za zamani walizipanga kwa mstari kukinga mlima, udongo usichukuliwe na mvua.

Moja tu mama aliomba iwekwe mlangoni pa jiko. Hapo hukaa jioni, akipukuchua maharage.

Maulizo
1. Kwa nini nguzo zilioza?
2. Mti wa kuinulia ulimsaidiaje mtoto?
3. Mjomba alimjibu mtoto nini juu ya baba yake?