Safari ya Ziwani na Mzazi Asiyeweza Kutembea Mbali



Ndugu wasomaji, likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi hapa Kampala huanza kuulizana: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Nasi tungependa kuongeza swali moja: na mzee aliyemo nyumbani, yeye mtampeleka wapi? Tunauliza kwa sababu sisi wenyewe swali hili lilitushinda mara ya kwanza. Tunaona haya kulieleza, lakini tunalieleza huenda likawafaa wengine.

Katika nyumba yetu, baba ni Muganda wa upande wa Masaka na mama ni mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 2014 tulimchukua mzazi wa Mombasa aje aishi nasi. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Alitembea kwa mkongojo hatua kumi, ishirini, kisha sharti akae. Watoto wetu humwita Bibi, nasi tutamwita hivyo hapa.

Baba yake Bibi alikuja Uganda akiwa kijana, kuuza nguo. Siku hizo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijafika Kampala. Ilifika mwaka 1931. Kabla ya hapo msafiri alishuka garimoshi Kisumu, akapanda meli, akavuka Ziwa Viktoria mpaka Port Bell pale Luzira, bandari iliyopewa jina la gavana wa Kiingereza, Hesketh Bell. Bibi alikua akiisikia hadithi hiyo, na tangu aje kwetu alikuwa akituambia, "Siku moja mnipeleke nione pale baba alipoteremkia."

Desemba 2016 tukampeleka. Tulipofika Luzira, njia ya kuteremka majini ilikuwa ya mawe na mashimo, na jua lilikuwa kali. Tukamwambia, "Mama, wewe pumzika garini, sisi tunarudi sasa hivi." Watoto walifurahi sana. Walitazama mitumbwi, wakala samaki wa kukaanga, wakapiga picha. Hiyo "sasa hivi" yetu ikawa zaidi ya saa nzima. Tuliporudi, mtoto wetu mdogo akamwuliza kwa furaha, "Bibi, na wewe umeona nini?"

Bibi akasema, "Nimeona mikoba yenu."

Hakusema kwa hasira. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza. Tulikuwa tumempeleka mtu mpaka kwenye mlango wa hadithi ya baba yake, kisha tukamwachia kazi ya kulinda mizigo.

Usiku ule tulikumbushana jambo ambalo kila Mwislamu amelisikia: Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wanaoswalisha watu wasirefushe, kwa sababu nyuma yao wamo wanyonge, wagonjwa na wazee. Ikiwa swala yenyewe inapimwa kwa kumwangalia mnyonge, matembezi ya likizo ni nini? Tukaazimia kwamba safari ijayo itapangwa kwa kuanzia kwa Bibi, si kwa kumaliza naye.

Tulichagua kwenda Kalangala, katika visiwa vya Ssese, Agosti 2017. Kwanza tuliulizia boti za Kasenyi, karibu na Entebbe. Pale tuliona jinsi abiria wanavyopandishwa: boti husimama majini, na vijana wenye nguvu huwabeba watu mabegani ili wasilowe. Wengi hucheka na kulipa. Lakini Bibi, mwanamke wa buibui, abebwe mabegani na kijana asiyemjua? Hapana. Ndipo tukaenda kuitazama gati ya Nakiwogo, pale pale Entebbe, ilikotia nanga meli ya MV Kalangala. Meli hiyo ilipakia magari pia, na tukafikiri: panapopita gurudumu la gari, gurudumu la kiti litapita.

Tulikwenda huko wiki moja kabla, bila Bibi. Tulihesabu hatua kutoka gari linaposimama mpaka melini. Tulitafuta choo kiko wapi na kina ngazi ngapi. Tulitazama kivuli kiko wapi, kwa kuwa meli iliondoka saa nane mchana na abiria walitakiwa kufika mapema. Kisha tukaazima kiti cha magurudumu kwa jirani yetu wa msikitini.

Siku ya safari tuliswali kabla ya kupanda, kwa namna aliyotueleza sheikh wa msikiti wetu. Bibi aliswali ameketi, kama dini ilivyomruhusu asiyeweza kusimama. Kila kitu kilikwenda kama tulivyopanga, mpaka tulipofika kwenye ulalo wa chuma wa kupandia melini.

Hapo Bibi akasema, "Nisimamisheni. Nitaingia kwa miguu yangu."

Tukambishia. Tulikuwa tumepanga kila kitu isipokuwa kumwuliza mwenyewe anataka nini! Kijana wetu wa miaka kumi na saba alimshika mkono mmoja, lakini ulalo ulikuwa umeinama na hakuweza peke yake. Wachukuzi wawili wakaja kusaidia. Bibi akawakatalia kwa adabu. Akageuka, akamwita mkwewe. "Mwanangu, njoo wewe."

Wasomaji wetu wa Buganda watafahamu uzito wa neno hilo. Katika mila ya Waganda, mkwe na mama mkwe hawagusani, hata kukaa karibu hawakai. Katika dini yetu, mama mkwe ni maharimu wa mkwewe, wala hakuna ubaya kumshika mkono. Baba wa nyumba yetu alilijua hilo, na kwa miaka mitatu aliishi na Bibi kwa heshima kubwa, lakini kwa mbali: akimsalimu kutoka mlangoni, akimtuma mtoto ampelekee dawa. Sasa alisimama pale na mfuko wa mikate mkononi, watu wakitazama, wengine wakinong'ona kwa Kiganda. Kisha akauweka mfuko chini, akaenda, akampa mkono. Bibi akauegemea.

Zilikuwa hatua kumi na nne. Tulizihesabu.

Melini hatukupanda juu. Tulikaa chini karibu na dirisha, na jambo la kwanza lilikuwa kumvisha Bibi jaketi la kujiokolea, kabla hata ya chai. Safari ilichukua kama saa tatu na nusu. Bibi hakulala hata kidogo. Alitazama visiwa vikija na kupita, akamweleza kila mtoto jinsi baba yake alivyoingiwa na hofu alipoona maji matamu yasiyo na ng'ambo.

Kule Lutoboka kiti kilizama mchangani. Mvuvi mmoja akatufundisha: msikisukume mbele, kigeuzeni, mkivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Kikaenda. Mji wa Kalangala uko juu ya kilima. Hatukwenda kwa miguu, tulikodi gari. Bibi aliona mashamba ya michikichi, akasema yanamkumbusha minazi ya kwao, ila haya hayana upepo wa bahari. Siku iliyofuata watoto walitaka kuingia msituni. Tukagawana: mmoja akaenda nao, mwingine akabaki ufukweni na Bibi. Aliyebaki ndiye aliyesikia hadithi nyingi zaidi.

Kwa manufaa ya familia nyingine, tunaandika tuliyojifunza:

1. Mwulize mzee kwanza. Anataka kuona nini? Wapi anataka kubebwa, na wapi anataka kutembea mwenyewe? Heshima yake ni sehemu ya safari.

2. Mmoja wenu atangulie kupatazama. Hata kama mlishawahi kwenda, rudini. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda mno, na sehemu nyingi za ufukweni zikafunikwa. Ulizeni pia kama meli inasafiri, maana meli za ziwani huweza kusimamishwa kwa matengenezo.

3. Chagueni chombo kwa usalama, si kwa haraka. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu thelathini wakafariki. Asiyeweza kukimbia wala kuogelea avishwe jaketi kabla ya wote.

4. Kwenye mteremko, kigeuzeni kiti kishuke kinyumenyume, nanyi mkiwa upande wa chini mkikizuia, ili mzee asitupwe mbele.

5. Pangeni machache. Bandari moja aliyoketi akaiona vizuri inamtosha kuliko tano alizopitishwa mbio.

6. Asiachwe peke yake garini. Ikibidi mmoja abaki, abaki naye, na zamu zibadilishwe.

Uganda ilikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006, na sasa ina ile ya 2020 iliyochukua nafasi yake. Tunashukuru. Lakini sheria haitashika mkono wa mama yako penye ulalo wa chuma. Hiyo ni kazi yako na yangu.

Tuliporudi Kampala tulikuwa na deni moja. Jumapili iliyofuata tulikwenda tena Luzira, safari hii na kile kiti na kijana mmoja wa pale aliyetuonyesha njia nyingine isiyo na mawe. Bibi aliketi ukingoni akiitazama Port Bell kwa muda mrefu, watoto wakiwa wamekaa chini kumzunguka. Mkwewe ndiye aliyesimama nyuma akikishika kiti kisiteleze. Hatimaye Bibi akasema, "Basi. Nimefika." Akasoma Fatiha kwa ajili ya baba yake, nasi tukasema amin.

Bibi alirejea kwa Mola wake mwaka 2021. Jirani alitusamehe kile kiti, tukakipeleka msikitini ili kila familia inayohitaji ikiazime. Mara nyingi hakipo, na hilo linatufurahisha.

Enyi wanafunzi mnaorudi nyumbani likizo hii, yupo mzee pembeni ya sebule ambaye hajaulizwa anataka kwenda wapi. Mwulizeni leo, angali yupo wa kujibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na atupe sisi subira ya kwenda mwendo wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.