Ukisema Umemwona, Tuonyeshe Kifua

Juzi jamaa mmoja alinikasirikia juu ya ndege. Alikuwa ameposti kwa iNaturalist picha ya ndege wa njano kutoka Kinangop, ameangalia kando, na jina akaandika Macronyx sharpei. Nikamuuliza kama ana nyingine inayoonyesha kifua. Jibu: "Kwani unaniona mwongo?"

Hapana, ndugu yangu. Ila huyo ndege si wa kuandikwa hivi hivi. Sharpei anapatikana Kenya pekee na yuko hatarini kutoweka. Anaishi kwa nyasi za nyanda za juu, na Kinangop nyasi hizo zinaendelea kulimwa, zinageuka viazi na kabeji. Halafu ana binamu yake, croceus, ambaye ametapakaa sehemu nyingi Afrika. Croceus mkubwa ana mkufu mweusi kifuani, sharpei hana. Rahisi, si ndio? Shida ni croceus mchanga. Mkufu wake haujakolea, ni michirizi tu, na ukimwona kwa mbali jua likikupiga machoni utaapa ni sharpei.

Sasa jina lisilo lake likikaa pale, ramani itaonyesha ndege bado yupo mahali ambapo pengine alishahama kitambo. Kesho mtu akitetea kipande cha nyasi kilichobaki, ataambiwa mbona ndege wenyewe wako tele.

Kusema kweli, anayekosea jina haniudhi. Anayeniudhi ni yule wa kubonyeza "nakubali" bila hata kuikuza picha. Pale iNaturalist, rekodi yenye picha, tarehe na mahali hupanda daraja la utafiti zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja jina wakikubaliana, na mwenye picha naye anahesabiwa! Yaani watu wawili wanatosha, wewe na beshte yako. Kutoka hapo rekodi inaweza kufika hadi GBIF, ambako wanasayansi wa dunia nzima huchota data. Beshte amekuwa mtaalamu wa ndege na hata hana habari.

Na zile picha za kutumiwa kwa grupu ya WhatsApp, tafadhali, ziache huko huko. Zikikufikia zimeshapoteza tarehe na mahali zilipopigwa, unabaki kujaza kwa kukisia. Ukiulizwa nani alipiga, "ilikuja tu."

Lakini pia sikubaliani na wale wanaodhani bila kamera ya laki mbili huna la kusema. Wachungaji wa kondoo Kinangop wanaona hizo nyasi kila siku kuliko sisi wa wikendi. Sauti uliyorekodi kwa simu inakubalika iNaturalist. Kenya Bird Map nayo haikulazimishi picha: unaorodhesha ndege uliowaona au kuwasikia kwa angalau saa mbili, ndani ya eneo la takriban kilomita 9 kwa 9, na ukitaja ambaye hatarajiwi hapo ndio unaombwa maelezo. Mimi mtu akiniandikia, "Aliruka kutoka kwa nyasi, akageuka, nikaona kifua chote, hakuna mkufu, wala hakuwa mchanga," namwamini kuliko picha kali ya mgongo.

Na kama kifua hukukiona, andika Macronyx uishie hapo. Hiyo pia ni rekodi, na mwenye kuona zaidi ataongezea jina la pili.