SUBIRA KABLA YA KISU



Nimeona niandike juu ya kifundo cha mguu, kwani sisi watu wa Mara tunapanda pikipiki kila siku, na ajali zake hazikiachi salama.

Katika kifundo hukutana mifupa mitatu. Muundi na mfupa mwembamba ulio pembeni yake huushika mfupa wa juu wa unyayo kwa pande mbili, kama koleo lishikavyo kaa la moto. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walionyesha kuwa mfupa huo wa unyayo ukisogea milimita 1 tu, sehemu inayogusana na muundi hupungua kwa asilimia 42. Ndiyo maana kuunga kwa kukadiria hakutoshi.

Baba mdogo alianguka na pikipiki akitoka Butiama kurudi Musoma. Mifupa ilivunjika ndani na nje, kifundo kikateguka. Hospitali walikirudisha mahali pake, wakakifunga, kisha siku tisa zikapita bila upasuaji. Bibi akaja kutoka Bunda kwa hasira.

"Mwanangu anaozea kitandani! Mrudisheni nyumbani, yupo mzee anayeunga mifupa."

Daktari akamjibu kwa upole: "Bibi, ngozi iliyovimba hivi tukiipasua haitafunga, na vijidudu vitaingia hadi kwenye chuma. Tunangoja ikunjamane."

Tangu hapo bibi ndiye aliyeitazama ngozi kila asubuhi.

Siku ya kumi walianza na mfupa mwembamba, wakaurudishia urefu wake kwa bamba la chuma na skrubu. Kipande cha ndani kikashikwa kwa skrubu mbili. Mwisho wakazijaribu kano zinazofunga mifupa hiyo pamoja. Zilikuwa zimekatika, hivyo wakapitisha skrubu moja ndefu kutoka mfupa mmoja hadi mwingine.

Wiki sita hakukanyaga. Aliswali amekaa, na katika udhu alipangusa juu ya plasta, kama sheria ilivyoturuhusu. Sasa anatembea bila magongo, ingawa siku za baridi kifundo humuuma.

Wanafunzi wenzangu, kifundo kikivunjika msikikande wala kukivuta. Kifungeni kilivyo, mkiinue, mwende hospitali. Mfupa ukitoka nje au unyayo ukiwa baridi, hilo halingoji hata saa moja. Lakini mkiambiwa mngoje uvimbe upungue, msimwondoe mgonjwa kitandani. Kungoja huko nako ni tiba.