Torcello, Kisiwa Ilikoanzia Taharuki

Hadithi moja ndiyo iliyonipeleka Venice. Daphne du Maurier, mwandishi wa Uingereza, alichapisha Don't Look Now mwaka 1971, na mwaka 1973 Nicolas Roeg akaitolea filamu. Niliisoma baada ya kumzika mdogo wangu. Tangu hapo nikatamani kuuona mji ambamo baba aliyefiwa anaonywa waziwazi kwamba hatari inamsubiri, naye asiondoke.

Treni ilivuka daraja refu kutoka Mestre, maji pande zote mbili, ikaishia Santa Lucia. Ukitoka stesheni huoni barabara. Unashuka ngazi, na mbele yako ni mfereji mkuu na boti za abiria ziitwazo vaporetto. Mgonjwa huchukuliwa kwa boti, mizigo kwa boti, na maiti vilevile kwa boti.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda gati la Fondamente Nove kupanda boti namba 12. Ng'ambo tu ya maji kuna kisiwa cha San Michele, kilichozungushiwa ukuta wa matofali. Ndiyo makaburi ya mji tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mtunzi wa muziki Igor Stravinsky amelala humo. Nafasi ni finyu, hivyo wengi hukaa kaburini miaka kadhaa tu, kisha mifupa yao hufukuliwa ikahifadhiwa kwingine. Wanaoishi upande huu wa mji wakifungua dirisha huwaona wafu wao kila siku.

Boti ilipita Murano, ikafika Burano, na kutoka hapo nikavuka hadi Torcello. Zamani kisiwa hiki kilikuwa na maelfu ya watu, kabla tope halijaziba njia za maji na malaria kuwafukuza. Leo wamebaki wachache mno. Du Maurier alianzia hadithi yake hapa. John na Laura wamempoteza binti yao Christine kwa homa ya uti wa mgongo, na wamekuja Italia kutuliza moyo. Kwenye meza ya jirani wameketi mapacha wawili, akina mama watu wazima. Mmoja ni kipofu, naye ndiye amwonaye Christine ameketi kati ya wazazi wake, akicheka. Laura akiambiwa anapata faraja. John anapata hasira. Baadaye kipofu huyo anatoa onyo: John yumo hatarini, na aondoke Venice.

Nilifuata njia kando ya mfereji hadi kanisa la Santa Maria Assunta, lililoasisiwa mwaka 639. Ukuta wake wa magharibi wote umefunikwa kwa vijiwe vya rangi vinavyoonyesha Siku ya Hukumu. Malaika wanapuliza tarumbeta. Wanyama wa nchi kavu na wa baharini wanatapika viungo vya watu waliowala, ili kila mfu afufuke mzima. Chini kuna mizani, na mashetani wanajitahidi kuielemeza upande wao. Nilisimama pale muda mrefu, nikimfikiria mdogo wangu.

Katika ukuta ule kifo kinatangazwa kwa tarumbeta. Du Maurier anakileta kimyakimya, ndani ya boti ya abiria. John anamwona mkewe amesimama kwenye vaporetto pamoja na wale mapacha, saa ambayo alipaswa kuwa ndani ya ndege kuelekea Uingereza. Anadhani ametekwa. Kumbe ameoneshwa siku zijazo: mkewe anarudi kuja kumzika yeye. Msomaji amekwisha kupewa jibu katikati ya hadithi, na hajui kwamba analo.

Jioni nilitembea hadi San Nicolò dei Mendicoli, kanisa ambalo John wa kwenye filamu analikarabati. Nilirudi gizani. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na kwa kuwa hakuna gari, mlio wa kiatu hugonga kuta ukarudi, usijue unatoka mbele au nyuma. Nilisikia hatua nyuma yangu, nikaharakisha; nazo zikaharakisha. Nilipogeuka, kichochoro kilikuwa kitupu. Hatua zilikuwa zangu.

Hapo nilimwelewa John. Usiku anaona umbo dogo lenye kofia ya koti likikimbia, anaamini ni mtoto aliye hatarini, analifuata. Sitasema alimkuta nani. Kwetu husema ajali haina kinga, lakini sioni mkono wa ajali uliomsukuma mtu huyu. Alimwangalia mkewe katika huzuni yake, akaificha yake mwenyewe. Hakukaa matanga, wala hakukaliwa na mtu. Alishindwa kumwokoa mtoto wake, basi akamkimbilia wa kwanza aliyedhani anaweza kumwokoa. Kilichomuua kilianza na upendo wa baba uliokosa pa kwenda.

Ndiyo maana naiweka hadithi hii juu ya nyingi zenye maiti na bastola kila ukurasa. Taharuki yake inatoka katika msiba ambao haukuliliwa. Waandishi wetu wa hadithi za upelelezi waisome, wajifunze kumjua mfiwa kabla ya kumleta muuaji. Na wewe msomaji, kama umefiwa karibuni, isome, ila usiisome ukiwa peke yako.